Gari la Dereva na Kupe la Bosi

Bosi hakujua kuendesha gari. Tuliseme hilo mapema tusizungushane, kwa maana nyumbani kwake lilikuwa jambo la kunong'onwa jikoni na kunyamaziwa sebuleni. Leseni alikuwa nayo, tena inang'aa, na aliipata kama watu wa aina yake wanavyopata vitu, yaani alimtuma mtu. Tangu atajirike aliwahi kushika usukani mara moja tu. Siku hiyo alirudi kinyumenyume akaiangusha nguzo ya geti lake mwenyewe, akashuka, akaikaripia nguzo, na kesho yake akatafuta dereva.

Dereva aliyepatikana ndiye huyu tunayemsema. Alikaa miaka kumi na tisa. Mle ndani wote walimwita Dereva, kuanzia mke wa bosi mpaka mpishi, na neno lenyewe walilitamka kama mtu anavyotamka dekio: Dereva, leta. Dereva, ngoja. Dereva kapotelea wapi. Kwake alikuwa Baba Pacha, mwenye mabinti wawili waliobakiza mwaka mmoja chuoni, na mke fundi cherehani aliyeongea akiwa na pini mdomoni na bado mtaa mzima ukamsikia.

Lakini asije mtu akadhani Dereva alikuwa mnyonge wa kuonewa huruma. Dharau alizokuwa nazo mtu yule zingejaza buti na nyingine zikafungwa juu kwa kamba. Bosi alikuwa muuzaji wa vigae, masinki na vyoo vya kukalia, maduka manne, na Dereva alipenda kumwambia mkewe kwamba utajiri wa yule bwana wote umepitia chooni. Alidharau namna alivyokaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, gazeti limefunguliwa ukurasa uleule tangu nyumbani mpaka dukani. Alidharau ile "taratibu, taratibu" yake kila gari lilipoanza kuizidi baiskeli. Aliwadharau madereva wenzake wanaolala midomo wazi kwenye maegesho, akawadharau wanaoendesha mkono mmoja, na wanaopiga honi taa ikiwa bado nyekundu hao aliwaombea dua mbaya kabisa. Kitu kimoja tu alichokiheshimu ni kuendesha, na hapo, tumpe haki yake, alikuwa fundi. Tairi likipungua upepo kidogo alilihisi kwenye makalio kabla hajaliona kwa macho. Miaka kumi na tisa hakuwahi kugusa hata ukingo wa barabara, na hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Balaa lilianzia mezani, Jumapili moja mchana. Shemeji yake bosi, yaani kaka mdogo wa mke wake, alikuwa amenunua gari la mbio lenye mlio wa kuamsha wafu, akalipaki kwa mshazari uani ili kila mtu alizunguke. Dereva aliitwa alete miwani ya bosi iliyosahaulika garini, akasimama nayo mlangoni akisubiri wamalize kucheka.

"Shemeji, wewe magari huyajui," shemeji alikuwa akisema. "Wewe unajua kiti cha nyuma. Kwenye gari wewe ni mzigo kama mizigo mingine, tofauti yako mzigo haupigi simu."

Meza ikaangua kicheko. Mke wa bosi naye alicheka, akajificha kwenye kitambaa. Bosi akacheka pamoja nao, kicheko cha mtu aliyemeza mwiba wa samaki na hataki wageni wajue.

Kesho yake asubuhi, wakiwa garini, gazeti likiwa mapajani, bosi akaanza.

"Dereva."

"Naam, bosi."

"Nanunua gari langu. La kuendesha mimi mwenyewe."

"Hongera, bosi."

"Milango miwili. Mwanaume anaendesha milango miwili."

"Ni kweli, bosi."

"Sasa wewe usiwe na wasiwasi. Tutaachana vizuri."

Dereva akaitikia "ndiyo, bosi" kwa sauti ileile anayoitikia akiambiwa ageuze kushoto. Miaka kumi na tisa, halafu mtu anaachwa kwa sababu shemeji kasema neno mezani! Jioni alipomweleza mkewe, mama wa watu alizitema pini zote kwenye kiganja, jambo ambalo hakulifanya hata siku walipoibiwa redio.

"Mwaka mmoja, Baba Pacha. Watoto wamebakiza mwaka mmoja. Hata kama ni kumbeba mgongoni, mbebe."

"Hajui kuendesha yule. Ataua mtu."

"Sijali anajua au hajui. Nani anakwenda naye kuchagua hilo gari?"

"Mimi."

"Basi umeshapona," akasema mkewe, akazirudisha pini mdomoni. "Mtu mzima hatafuniwi. Mchagulie linalokuhitaji."

Yadi waliyokwenda ilikuwa ya kioo mbele na bati nyuma, kama wenyewe waliokuwa wakiiendesha. Muuzaji alikuwa mtu mzima, tai fupi, maneno marefu, amejipulizia manukato ya kuua mbu. Aliwafungulia mlango, akainama. Bosi aliingia, akatazama chini kabla ya kutazama magari.

"Hivi vigae si vyangu," akasema, akavikunjia pua.

Magari yalikuwa mawili, yamewekwa sambamba chini ya taa. La kwanza lilikuwa jekundu, fupi, limejibana chini kama paka anayevizia, viti viwili tu na mkono wa gia umesimama katikati. La pili lilikuwa la kijivu, refu, limenona, viti vya ngozi rangi ya maziwa, na nyuma ya viti hivyo kulikuwa na vingine viwili vidogo vya kukalishia watoto au makoti. Dereva aliliangalia jekundu mara moja, akaangalia pembeni haraka kama mtu aliyemwona mke wa jirani anaoga.

"Hapa ndipo pagumu, bosi," akasema muuzaji, akisugua viganja. "Mtu mwenye uwezo wako anaweza kuchukua lolote. Swali ni moyo unataka nini. Hili jekundu ni la mikono. Gia unaingiza mwenyewe, kiti kimefanywa kigumu makusudi uisikie barabara, hakuna kinachokusaidia, kila kitu ni wewe. Kwa kifupi, bosi, hili ndilo wanaloita gari la dereva."

Bosi akainua uso kutoka kwenye vigae.

"La nani?" akauliza bosi.

"La dereva, bosi. Yaani..."

Bosi akageuka polepole, akamtazama Dereva aliyesimama hatua tatu nyuma ameshika mwavuli wa bosi na simu ya bosi. Akamkagua kuanzia viatu kwenda juu. Alipofika kwenye kola akaridhika kwamba hajakosea, akamrudia muuzaji.

"Mimi nimekuja kununua gari langu. La dereva la kazi gani? Yeye kwani ananyeshewa?"

"Hapana, bosi, ni msemo tu. Maana yake ni gari la mtu anayependa kuendesha."

"Anayeendesha si ndiye dereva?"

"Ndiyo, bosi, lakini..."

"Basi umesema mwenyewe."

Asiyejua maana haambiwi maana, na akiambiwa anakutoza faini. Muuzaji alifuta jasho kwa ncha ya tai, akakimbilia gari la pili kama mtu anayekimbilia kivuli.

"Basi njoo huku, bosi. Hili ni kupe."

Dereva alicheka kwa pua. Haikuwa makusudi, kilimtoka tu.

"Kupe?" Bosi alirudi hatua moja. "Kama wa ng'ombe?"

"Neno la kigeni, bosi! Ni umbo. Gari la milango miwili lenye paa la kuteremka nyuma, huko kwao wanaliita kupe. Ndani ni sebule. Kiti kinakupapasa mgongo. Kioo hiki unakigusa tu. Linajifunga breki lenyewe likiona hatari, likitoka kwenye mstari linajirudisha, ukitaka kulipaki unabonyeza hapa unakaa zako, linaingia lenyewe. Hata mtoto..." Hapo akajikamata. "Hata ukiwa umechoka, bosi, linakuheshimu."

Dereva aliyasikia yote hayo na hakuyaweka popote. Gari linalojipaki lenyewe! Hilo kwake lilikuwa gari la wagonjwa na wajane. Wakati muuzaji akibonyezabonyeza vitufe, yeye alikuwa amesogea kwenye jekundu bila kujijua, anapitisha kidole kwenye ukingo wa boneti.

Bosi, kwa sababu shemeji alikuwa bado amekaa kooni mwake, akasema anataka kulijaribu jekundu kwanza. Wakamfungulia. Kuingia kwenyewe kulikuwa kazi, kwa maana gari liko chini na tumbo liko mbele. Akawasha. Akakanyaga alichokanyaga. Gari likaruka, likazima. Akawasha tena, likaruka, likazima. Mara ya tatu liliruka mpaka muuzaji akajitupa mbele ya kioo cha duka mikono imepanuliwa, kama golikipa. Bosi akashuka uso umemwiva.

"Viatu hivi," akasema, akavionyesha. "Havina soli ya kuendeshea. Dereva, liendeshe nilione."

Kwa hiyo ikabidi wakae bega kwa bega. Viti ni viwili, nyuma hakuna, bosi aende wapi? Miaka kumi na tisa hawajawahi kukaa hivyo. Bosi alivuta koti lake lisiguse mkono wa mwenzake, akafunga mkanda, akashika kishikio cha mlango hata kabla gari halijasogea.

Barabara ya majaribio ilipita nyuma ya maghala, nyeupe, haina watu, halafu inapinda kuuzunguka mnara wa tangi la maji na kurudi. Dereva alitoka taratibu, mpaka geti likawa nyuma. Halafu akaingiza gia ya tatu, na kilichotokea baada ya hapo hakuwahi kumweleza mtu sawasawa. Gari lilikuwa likimjibu. Alipofikiri, lilikuwa limeshafanya. Usukani ulimletea mchanga uliotawanyika barabarani mpaka kwenye vidole, klachi ilikuwa nyepesi na yenye adabu, na kwenye kona ya tangi, pale ambapo mtu mwingine angeshika breki na kusali, yeye alishusha gia moja, akaliegemeza, likazunguka bila hata kulalamika. Aliona machozi yanamjia. Kumbe miaka yote hii alikuwa akiendesha kitanda! Kumbe kazi yake ilikuwa tamu na yeye amelambishwa chungu, na mwenye kuinunua tamu hiyo ni huyu anayezikaripia nguzo.

"Taratibu," alisema bosi. Halafu "Taratibu, we!" Halafu akafumba macho mpaka yadi.

Aliposhuka alikuwa bado ameng'ang'ania kishikio cha mlango. Lakini angalia ujinga wa binadamu: alipojiona kwenye kioo cha duka, yeye na gari jekundu pembeni yake, alinyonya tumbo ndani, akaweka mkono juu ya paa. Muuzaji akalipuka, "Bosi, umependeza!" Na Dereva akaona wazi kwamba mtu huyu atalinunua. Hataweza kuliendesha, atalizimisha kila njia panda, atalikwangua gia mpaka zitoe moshi, lakini atalinunua, kwa sababu ya Jumapili ile.

Ndipo bosi akafanya jambo jipya.

"Dereva, wewe unaonaje?"

Hajawahi kuulizwa anaonaje, hata kuhusu mvua. Dereva alipima upesi. Jekundu lina viti viwili: bosi na mkewe, kwaheri Dereva. La kijivu lina viti vya nyuma, na mtu aliyezoea nyuma hurudi nyuma, akishachoka kujionyesha atataka gazeti lake na mtu wa mbele. Hiyo ilikuwa hesabu ya watoto na chuo. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine ambayo hakuikubali hata mwenyewe: kwamba afadhali gari lile liozee pale chini ya taa kuliko kulala kwenye geti la yule bwana. Ndivyo alivyomdharau.

Akasogea, akashusha sauti kama mtu anayelinda heshima ya mkubwa wake.

"Bosi, jekundu si hadhi yako. Si umesikia mwenyewe? Gari la dereva. Mtu akikuona humo atauliza mwenye gari yuko wapi. La kijivu, hata ukiwa umesinzia, watu wanajua mwenye mali amepita."

Bosi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwenye hekima anayekubaliana na wazo lake mwenyewe. "Ndicho nilichokuwa nasema," akasema. Akatia saini siku ileile.

Jioni ile Dereva na mkewe walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alimwigiza bosi akiruka na gari kama chura, akamwigiza muuzaji golikipa. "Nimemtia mfukoni," alisema. "Mtu wa vyoo yule, ukimwambia hadhi tu amekwisha." Ila alipolala, mguu wake wa kushoto ulikuwa bado unakanyaga klachi.

Mambo yakaenda kama alivyopanga, na vizuri zaidi. Asubuhi ya kwanza bosi alikaa kwenye usukani wa Kupe, maana Dereva hakuliita tena kwa jina jingine, akavitazama vile vitufe, akaitazama nguzo ya geti, nguzo nayo ikamtazama. "Leo nina simu nyingi," akasema. "Endesha wewe." Lakini kukaa mbele na Dereva hakutaka. Watu wangedhani ni ndugu. Kwa hiyo kiti cha mbele kikakunjwa, na bosi, mwenye maduka manne, akaingia nyuma kichwa kwanza, makalio yakafuata baada ya majadiliano. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alikaa mle magoti yamegusa kidevu, paa limemlaza shingo upande, gazeti amelishikilia karibu na pua kwa kukosa pa kuliweka. Na kila asubuhi Dereva alimshika mkono kwa heshima zote, "pole, bosi, kichwa, bosi," huku tumboni anakufa kwa kicheko.

Wiki tatu zilipita hivyo. Dereva alinenepa kwa furaha. Akaanza kupiga mluzi.

Halafu shemeji akahamia nyumba mpya, akaita watu mchana. Kupe liliingia uani polepole, wageni wote wameketi kwenye viti vya plastiki wanaangalia. Bosi alijaribu kutoka. Bega moja lilitoka, la pili likagoma. Mkanda wa kiti cha mbele ulikuwa umemzunguka shingo, na kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chini ya kiti. Dereva akamshika mikono yote miwili, akavuta. Kifungo cha shati kikaruka kikatua kwenye soda ya mtu.

"Mzigo umefika!" shemeji akapaza sauti. "Ushusheni taratibu, msije mkauvunja!"

Hata Dereva alicheka. Alijificha nyuma ya mlango, lakini alicheka, na bosi alimwona.

Kesho yake bosi alifungua mlango wa mbele akakaa. Hakufungua gazeti. Akawa anatazama. Akatazama miguu ya Dereva, mikono ya Dereva, vitaa vya dashibodi vinavyowaka na kuzima. Mtu huyu hakuwahi kutazama mbele ya gari kwa miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa akitazama kama mkaguzi. Dereva hakushtuka. Alimwona anajifunza, akamdharau zaidi. Akili ni nywele, alijiambia, na huyu ana upara.

Siku ya nne, karibu na soko, msukuma mkokoteni wa viazi alikata barabara ghafla. Dereva alimwona, mguu ukaanza safari ya kwenda kwenye breki, lakini Kupe likawahi. Lilifunga breki lenyewe, wote wawili wakaenda mbele wakarudi, na msukuma mkokoteni akapita zake akitukana.

"Umefunga breki wewe?" bosi akauliza.

Hapo angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na nani angejua? Lakini kuna kitu kimoja ambacho Dereva hakuweza kukisemea uongo, nacho ni breki.

"Hapana, bosi. Gari."

"Gari lenyewe?"

"Lenyewe."

Bosi alivitazama vitufe mpaka kwenye maegesho ya duka kubwa. Hapo akanyoosha kidole, akabonyeza kile kitufe alichoonyeshwa na muuzaji. "Toa mikono," akasema. Usukani ukaanza kuzunguka peke yake, kulia, kushoto, kulia kidogo, kama unashikwa na mtu asiyeonekana, na Kupe likaingia katikati ya malori mawili, likanyooka kuliko mstari. Dereva alikaa mikono imelala mapajani. Hajawahi kuona mikono yake inafanana na kitu kisicho na kazi namna ile.

Bosi alimgeukia. Wala hakukasirika. Alikuwa anashangaa kweli, kama mtu aliyegundua bomba linavuja tangu nyumba ijengwe.

"Kumbe siku zote hizi ulikuwa hufanyi kitu," akasema.

Dereva angemwambia nini? Angemweleza mvua za usiku, tairi lililopasuka darajani na yeye bosi hakuamka, watoto waliokimbilia mpira mbele ya gari mara ngapi? Angemwambia kwamba gari alilokuwa akiendesha zamani halikuwa na macho, macho yalikuwa yake? Mtu aliyekaa nyuma na gazeti hawezi kuambiwa hayo. Akashuka, akazunguka kumfungulia mlango.

Mwisho wa mwezi bosi alikuwa anaendesha mwenyewe. Vibaya, ndiyo. Kupe lilikuwa likimpigia kelele njia nzima, linamrudisha kwenye mstari, linamfungia breki, linampaki. Lakini alikuwa anaendesha, kioo kimeshushwa, mkono umetolewa nje, na siku aliyojipeleka kwa shemeji peke yake alirudi anaimba. Dereva aliitwa ofisini, nyuma ya duka. Bosi alimshika mkono, akasema walivyoahidiana ndivyo ilivyo, wameachana vizuri, na kwa utumishi wake wote amemtunzia zawadi. Zawadi ilikuwa imewekwa mlangoni, ndani ya boksi: sinki la kunawia mikono, jeupe, lenye ufa mmoja mwembamba kuanzia kwenye tundu la bomba mpaka ukingoni.

"Chukua, ukaweke nyumbani," bosi akasema. "Mama atafurahi."

Dereva alilibeba begani, kwa miguu, kupita maghala, kupita soko. Jua lilikuwa kali na ukingo wa boksi ulimkata shingo. Mara mbili alifikiri kulitupa mtaroni, mara mbili akaona aibu ya kuonekana analitupa.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mlangoni, sare za shule zimemzunguka. Alimwona mumewe anakuja na boksi, saa nane mchana, siku ya kazi, akaelewa. Aliacha pini mdomoni.

"Amekuacha?"

"Ameniacha."

"Si ulisema hajui kuendesha?"

"Hajui. Gari ndilo linajua. Linajiendesha lile, Mama Pacha. Linajipaki."

"Linajipaki!" Mkewe alikanyaga cherehani kwa hasira, uzi ukakatika. "Mtu asiyejua kuendesha mnampelekea gari linalojiendesha? Si angechukua lile jekundu la gia, limshinde, awe anakuita kila siku, 'Dereva njoo, Dereva limezima'? Ungekula naye mpaka uzeeni! Hebu nikumbushe, ni mpumbavu gani aliyemshauri?"

Dereva alishusha boksi chini polepole. Alilifungua ili awe na la kufanya.

"Mimi," akasema.

Mkewe alizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kola ya sare aliyokuwa akiishona. Aliinuka akaja, akaliinamia sinki, akapitisha ukucha kwenye ule ufa kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni.

"Na huu nao hukuuona?"

"Niliuona," akasema Dereva. "Nikasema asante."